CX-5 ya dizeli yenye kilomita 187,000: ninunue au niachane nayo?

Swali: Fundi, pole na kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Donholm, na kazi yangu iko Industrial Area karibu na Likoni Road. Nimeonyeshwa Mazda CX-5 ya mwaka 2015, dizeli ya lita 2.2, iliyotembea kilomita 187,000. Mwenyewe ni mtu wa mauzo na anasema kilomita nyingi ni za Meru na Mombasa, si za mjini. Anataka shilingi milioni 1.65. Yadi moja ya Ngong Road ina CX-5 ya petroli ya mwaka huohuo yenye kilomita 96,000, kwa milioni 1.85. Shemeji yangu, ambaye ameendesha matatu kwa miaka mingi, anasema dizeli haianzi hata kuzeeka kabla ya kilomita laki tano, na kwamba nitaokoa pesa nyingi za mafuta. Nyumbani kwetu ni Kakamega, na huwa tunaenda mara tatu kwa mwaka. Nishauri.

Jibu: Ndugu yangu, nakupa uamuzi kwanza, sababu zitafuata. Kwa maisha uliyonieleza, mimi ningeiacha hiyo dizeli. Kilomita 187,000 hazinitishi. Huenda zikawa ndiyo sifa yake bora. Zinazonitisha ni kilomita utakazoiongezea wewe, nane asubuhi na nane jioni, kati ya Donholm na Likoni Road.

Shemeji yako hajakudanganya. Dizeli alizozijua yeye ndizo zilizojenga hiyo sifa ya laki tano: injini ya 5L ya HiAce, 1HZ ya Land Cruiser yenye silinda sita na lita 4.2 bila tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), na zile Isuzu za malori madogo. Pampu zake ni vyuma na springi tupu. Mafuta yakiingia na maji kidogo injini itakohoa, fundi atafungua, atasafisha, na kesho gari liko barabarani. Kuna za namna hiyo ambazo bado zinapanda Marsabit zikiwa na kilomita ambazo hakuna anayejua idadi yake, kwa sababu geji ilikufa zamani.

Hiyo CX-5 ni ya ukoo mwingine. Mafuta husukumwa hadi kufikia shinikizo la baa 2,000, nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda hufunguka mara kadhaa katika mzunguko mmoja kwa amri ya kompyuta, na nafasi kati ya vyuma vya ndani ya nozeli na pampu hupimwa kwa mikroni. Kisha kuna tabo mbili, vali ya EGR inayorudisha moshi ndani ya injini, na kichujio cha masizi kwenye eksozi, kile mafundi hukiita DPF. Bloku, pistoni na kranki vinaweza kabisa kufika hizo laki tano za shemeji. Kinachomfilisi mwenye gari ni hivyo vitu vilivyoizunguka, na vingi kati ya hivyo havikuwa kwenye 5L ya kawaida.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "limetembea kilomita ngapi?" bali "zimetembewa wapi, na karatasi ziko wapi?" Piga hesabu hii. Injini iliyofanya kilomita 187,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa imewaka kwa saa 3,740. Iliyofanya hizohizo kwa mwendo wa Jogoo Road, tuseme 18 kwa saa, imewaka kwa zaidi ya saa 10,000. Dashibodi inaonyesha namba ileile, lakini ya pili ni injini iliyochoka karibu mara tatu. Skana nzuri wakati mwingine husoma saa ambazo injini imewaka. Ikisoma, gawanya kilomita kwa saa hizo, na utajua kama safari za Meru na Mombasa ni za kweli. Mtu wa mauzo anayesafiri kweli huacha alama nyingine pia: kioo cha mbele kilichodonwadonwa na vijiwe, rangi ya boneti iliyochubuka mbele, na pedali ya breki ambayo haijaliwa sana ukilinganisha na kilomita. Gari la mjini huwa kinyume: boneti safi, pedali imelika hadi imeng'aa.

Karatasi nazo zina mpangilio wake. Likiwa limetoka Japani, hati ya kuliondoa kwenye usajili wa kule huandikwa kilomita zake. Karatasi ya mnada ina kilomita na maelezo ya hali ya mwili. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini nacho kina namba. Baada ya hapo ingia kwenye maisha yake ya Nairobi. Wanunuzi wengi husahau hili: gari lililokuwa na bima kubwa hupimwa thamani na mthamini, na ripoti ya mthamini huandikwa kilomita za siku hiyo. Muulize muuzaji ripoti zake za bima za miaka iliyopita. Hakuna anayefikiria kuzighushi, kwa sababu hakuna anayeziulizia. Weka tarehe zote kwenye mstari mmoja, kilomita kando yake, na uone kama namba inapanda kwa mwendo unaoeleweka. Ikishuka mahali popote, umemaliza kazi yako siku hiyo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu hiyo ya petroli pia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo gari la 2015 haliwezi kuwa limeshuka meli juzi. Hiyo ya yadi nayo imetumika hapahapa, pengine mtu aliibadilisha na jipya. Kilomita 96,000 kwa gari la umri huo, ambalo limekuwa Nairobi miaka kadhaa, zinahitaji ushahidi kuliko hata 187,000. Mimi namwamini zaidi mtu anayenionyesha namba kubwa yenye risiti kuliko yadi inayonionyesha namba ndogo na tabasamu.

Sasa tuje kwenye kichujio cha masizi, maana uamuzi wako umelala hapo. Kazi yake ni kukamata masizi yasitoke nje. Kikijaa, kompyuta hukichoma: hunyunyiza mafuta ya ziada wakati moshi unatoka silinda, joto la eksozi linapanda hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yanageuka gesi. Ili kazi hiyo ikamilike, injini inatakiwa iwe imepata moto kamili na gari liende mwendo wa kutulia kwa dakika kumi na tano au ishirini. Barabara ya Meru inampa muuzaji nafasi hiyo hata bila yeye kujua. Donholm hadi Likoni Road haitakupa wewe. Asubuhi utawasha, utapita shuleni kuwashusha watoto, utakaa kwenye foleni ya Outer Ring, na wakati injini ndiyo kwanza imepata joto, utakuwa unaegesha kazini na kuzima. Zoezi la kuchoma limekatwa katikati. Jioni linaanza tena, linakatwa tena.

Mafuta yaliyonyunyizwa bila kuungua huenda wapi? Sehemu yake huteremka ukutani mwa silinda, hupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Ndiyo sababu kwenye dizeli hizi za Mazda utakuta jambo ambalo wazee wa gereji waliliona kama uchawi: oili inaongezeka badala ya kupungua. Kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na mtengenezaji anasema ikifika hapo oili ibadilishwe bila kujali kilomita. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haishiki vyuma, na wa kwanza kuumia ni tabo na mnyororo wa taimingi. Mwenye gari anafurahi kwamba gari lake "halili oili", kumbe linaiharibu.

Kuna wanaoishi Syokimau au Mlolongo ambao hulipia Expressway mara kwa mara makusudi ili gari lipate mwendo na kuchoma masizi. Ni akili nzuri, na kwao inawezekana kwa sababu barabara yenyewe, kilomita 27 hadi Westlands, iko njiani mwao. Wewe ungetoka Donholm ukaitafute, uilipie, kisha urudi. Utafanya hivyo mwezi wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo maisha yatakuzidi, nawajua wateja.

Halafu kuna majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui. Hutokana na viungo vilivyo ndani ya oili na hukaa kwenye kichujio hadi kitolewe na kuoshwa. Kwenye kilomita 187,000 kichujio hicho kina majivu ya kutosha, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya masizi ni ndogo na kitataka kuchoma mara nyingi zaidi kuliko kilipokuwa kipya. Ukilijumlisha hilo na safari zako fupi, naona taa ya DPF kwenye dashibodi kabla ya Krismasi.

Najua kuna mtu atakunong'oneza: "Tunakitoboa hicho kichujio, tunaandika upya kompyuta, unasahau." Ndiyo, hufanywa mjini hapa. Mimi sikushauri. Moshi unaotoka nyuma utawaingia watoto wa watu walio kwenye boda nyuma yako, programu nyingi za kuficha hilo zimeandikwa ovyo na huleta hitilafu nyingine, na siku ya kuuza mnunuzi mwenye macho atakukamata kwa kidole. Tena kwa kidole kweli: ukiingiza kidole ndani ya bomba la eksozi la dizeli yenye DPF nzima, kinatoka kisafi au na vumbi kidogo tu. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kimetobolewa. Fanya jaribio hilo kwenye gari hili kabla hata ya kumsalimia muuzaji.

Turudi kwenye hoja ya kuokoa pesa, kwa sababu shemeji ameitaja na wewe umeitilia maanani. Siku zako za kawaida ni kama kilomita 25 ukijumlisha shule na mizunguko. Kwa siku 300 ni 7,500. Kakamega ni karibu kilomita 400 kwenda, kwa hiyo safari tatu ni 2,400. Tuite 10,000 kwa mwaka. Katika msongamano wako nakadiria dizeli itakupa kilomita 11 kwa lita na petroli kilomita 9. Bei ya mafuta hubadilishwa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, tarehe 14 kila mwezi, hivyo nachukua makusudi bei zilizoiumiza sana petroli: za Oktoba 2023 hapa Nairobi, petroli 217.36 na dizeli 205.47. Dizeli itakula lita 909, karibu shilingi 187,000 kwa mwaka. Petroli itakula lita 1,111, karibu 241,500. Tofauti ni kama 55,000 kwa mwaka, yaani 4,600 kwa mwezi. Bei zikiwa chini ya hapo, na tofauti nayo inapungua.

Ongeza 200,000 za tofauti ya bei ya kununua. Katika miaka mitatu, dizeli inakuanzishia faida ya kama 365,000. Sikatai, ni pesa. Lakini hiyo ndiyo bajeti yako yote ya mambo ambayo kwenye petroli hayapo au ni mepesi zaidi: nozeli, pampu ya shinikizo, tabo, kichujio. Kabla ya kurudi kwa muuzaji, pita Kirinyaga Road, ingia maduka matatu tofauti, uliza bei ya nozeli nne mpya halisi za injini hiyo, bei ya tabo, na bei ya kichujio. Ziandike. Nozeli zake ni za piezo, ambazo fundi wa pampu wa kawaida hawezi kuzifungua na kuzirekebisha kama zile za zamani. Zikiharibika kwa kawaida unanunua. Ukishajumlisha ulichoandika, weka kando ya hiyo 365,000. Nakuachia uamuzi wa kucheka au kulia.

Sasa mgeuze mtu. Awe anaishi Juja na kufanya kazi Westlands, au awe huyo muuzaji wako wa kwenda Meru kila wiki, kilomita 30,000 kwa mwaka, nyingi za barabara kuu. Tofauti ya mafuta inakuwa kubwa zaidi, kichujio kinajichoma chenyewe, oili haichafuki. Mtu huyo ningemwambia anunue, tena bila kusitasita sana, ikiwa gari litapita ukaguzi. Na siwezi kukuficha utamu wake: nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 420 inayoanza chini kabisa, na tabo inayofidia hewa nyembamba ya huku kwetu juu. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na petroli isiyo na tabo hupoteza sehemu nzuri ya nguvu zake hapa. Ukipanda Mau Summit na familia na magunia ya mahindi, dizeli itakupandisha ikiimba. Mara tatu kwa mwaka.

Huenda ukasoma haya yote na bado moyo ukabaki kwenye hiyo dizeli. Watu ni watu. Basi nenda ukaikague kwa namna hii.

Mpigie muuzaji jioni, mwambie utafika saa moja asubuhi na gari lisiwashwe kabla yako. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, ameliwasha kuficha kitu. Washa ukiwa umesimama mahali unapoweza kuona eksozi, au mwambie mwenzako atazame. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi ya baridi ya Julai si neno. Ukiendelea na unanuka dizeli mbichi, kuna nozeli inayovuja au plagi za joto zimekufa. Mweupe unaonuka utamu kidogo na hauishi ni maji ya rejeta, na hapo ondoka. Wa bluu ni oili, fikiria tabo au ringi. Mweusi unapokanyaga ghafla, kwenye gari lenye kichujio, haupaswi kuwapo kabisa.

Sikiliza. Dizeli hugonga, lakini hugonga kwa mpangilio. Mlio wa "tik-tik" unaofuata mzunguko, kama hewa inapuliza kwenye tundu dogo, hutoka chini ya nozeli. Kila nozeli hukalia washa, yaani pete ndogo ya shaba, na washa hiyo ikichoka, moto wa silinda hupenya, unageuza oili ya juu kuwa lami. Lami hiyo huteremka hadi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kunyonyea oili. Injini inakosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Toyota 1KD za Prado na HiAce zinaujua ugonjwa huu vizuri, na dizeli ya Mazda nayo haijaepuka. Dawa ya kuuona mapema ni kufungua sampu na kutazama. Muombe muuzaji: wewe utalipia oili mpya, chujio jipya na kazi ya fundi, yeye atapata gari lililofanyiwa sevisi hata usiponunua. Mwenye gari safi hukubali. Anayekataa kwa hasira ameshakujibu.

Vuta kijiti cha oili. Tazama kiwango kwanza, kisha inuse. Ikiwa juu ya alama na inanuka kama kituo cha mafuta, unajua kilichotokea. Uliza ni oili gani hutumiwa. Injini yenye DPF inataka oili yenye majivu kidogo, ya daraja la C3 au DL-1 ya Kijapani. Akikujibu "tunaweka tu ile ya lori", kichujio kimelishwa majivu miaka yote. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu kikiwa kimegeuzwa. Kutikisika ni kawaida. Kurushwa, au moshi kutoka kwa mapigo kama treni ya makaa, ni ringi zilizochoka.

Kisha skana. Mpate fundi mwenye kifaa kinachoingia ndani ya mifumo ya Mazda, si kile kidogo cha kusoma taa tu. Jambo la kwanza la kutazama si hitilafu zilizopo bali kilomita tangu hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Ikiwa ni kilomita 12, mtu alizifuta jana kwa ajili yako. Kisha atazame marekebisho ya kila nozeli, na moja ikitofautiana sana na wenzake, iandike kwenye karatasi ya bei. Atazame umbali kati ya zoezi moja la kuchoma masizi na jingine: kilomita 200 na zaidi inanituliza, hamsini inanifukuza. Mwisho, mpande barabara ya Limuru skana ikiwa imechomekwa. Mlima ule unatosha kuonyesha kama shinikizo la mafuta linafuata amri ya kompyuta au linaachwa nyuma, na kama tabo inatoa hewa inayoombwa. Gari linaloingia katika hali ya kujilinda katikati ya mlima, likakataa kupita mizunguko 2,500, limekuokoa.

Kwa modeli hii mahususi ongeza mambo mawili. Mfereji wa kuingizia hewa hujaa lami ya masizi na mvuke wa oili. Fundi akifungua bomba moja kabla ya vali ya hewa ataona, na kuusafisha kwa kufungua ni kazi ya siku nzima, ihesabu. Pili, mwaka 2018 Mazda iliyaita magari mengi yenye dizeli hii kwa sababu ya springi za vali. Chukua namba ya chesisi, uulize wauzaji rasmi wa Mazda au uitafute kwenye tovuti ya Mazda Japani, uone kama hili limo na kama lilirekebishwa kabla ya kuja huku.

Giaboksi, bushi, mataili na breki nitavipita haraka. Fundi yeyote wa mtaani anavijua na bei zake zinavumilika. Ila tazama mikono inayoshikilia injini, kwa sababu dizeli huitikisa na huchoka mapema.

Mafuta. Tangu Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, na hilo lilifanya magari haya yawezekane huku. Taabu iliyobaki ni uchanganyaji wa mafuta ya taa, ambao serikali ilijaribu kuupunguza mwaka 2018 kwa kuyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasiwe rahisi mno. Mafuta ya taa hayalainishi pampu. Muulize muuzaji hujaza wapi, na ukinunua, jaza kwenye kituo kikubwa chenye magari mengi, na ubadilishe chujio la mafuta kila kilomita 10,000 hata kitabu kikisema subiri.

Upande wa hati sitakuchosha. Tafuta namba ya gari kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ndani ya eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama benki, sako au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Kisha tafuta chesisi na kitambulisho cha muuzaji kwenye sajili ya rehani za mali zinazohamishika, ile iliyoanzishwa na sheria ya 2017 na iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, maana kuna mikopo ambayo haionekani kwenye hati ya gari. Lipa kupitia benki, uhamishaji ukiwa umeanzishwa na yeye mwenyewe kwenye akaunti yake mbele yako. Asikuambie "tutamalizia wiki ijayo".

Na bei. Ikiwa karatasi zimekaa sawa, kidole kimetoka kisafi, sampu haina lami na skana imepanda Limuru bila kulalamika, milioni 1.65 bado ni nyingi kwa mtu wa matumizi yako. Toa gharama ya kusafisha mfereji wa hewa, ya kuosha kichujio na ya washa nne mpya za nozeli, halafu mwambie namba yako. Akikataa, nenda Ngong Road ukaikague ile ya petroli kwa ukali uleule, ukianza na ripoti za bima.